Makadirio matatu ya paa moja: kwa nini bei zinapishana, na gharama zimejificha wapi

Swali: Tunataka kuezua bati la zamani na kuezeka upya. Nyumba ni ya mita 10 kwa 12. Wakandarasi watatu wametuletea makadirio. Wa kwanza ameandika mistari minne na jumla chini yake. Wa pili ameleta kurasa tatu, na bei yake imezidi ya wa kwanza kwa karibu theluthi. Wa tatu yuko katikati, ila mwishoni ameandika "kazi za ziada zitalipwa kadiri zitakavyojitokeza". Mume wangu anataka tumchukue wa kwanza. Nitajuaje gharama halisi kabla ya kusaini? Na je, nimwonyeshe wa pili bei ya wa kwanza ili ashuke?

Jibu: Dada yangu, kwa sasa msimchukue yeyote. Ukiyasoma vizuri makadirio hayo utaona kwamba kila mmoja amepigia hesabu paa lake. Mmoja amehesabu bati na misumari, mwingine amehesabu bati, mbao, mifereji, jukwaa la kupandia na kuzoa kifusi, na wa tatu ameacha mlango wazi aingize chochote baadaye. Jumla tatu za namna hiyo hazilinganishiki hata kidogo. Kwanza warudisheni wote kwenye paa moja, ndipo mtazame bei.

Mimi ni mkadiriaji majenzi, na katika kazi hii nimejifunza kusoma kotesheni, yaani karatasi ya makadirio ya bei, kwa kutafuta kisichoandikwa. Kilichoandikwa kwa bei kubwa unakiona na unaweza kukibishia. Kisichoandikwa kinangoja siku ambayo bati la zamani liko chini, vyombo vimefunikwa turubai na wingu limetanda, ndipo fundi anakuja kukwambia kuna kitu kidogo kimepungua. Siku hiyo huna nguvu ya kubishana na mtu. Utalipa anachotaka.

Tuanze na vipimo, kwa sababu hapo ndipo tofauti kubwa huzaliwa na ndipo watu wengi hawaangalii. Nyumba ya mita 10 kwa 12 ina mita za mraba 120 za sakafu. Paa lake halina 120. Chukua kwamba paa linatokeza nje ya ukuta kwa sentimita 60 kila upande: tayari umefika mita 11.2 kwa 13.2, karibu mita za mraba 148. Bado hujaweka mteremko. Bati linalala kwa kuinama, na kadiri linavyosimama ndivyo eneo linavyoongezeka. Paa la nyuzi 15 unazidisha kwa 1.035, la nyuzi 20 kwa 1.064, la nyuzi 25 kwa 1.103, la nyuzi 30 kwa 1.155. Kama lenu ni la nyuzi 30, zile 148 zinakuwa 171 hivi. Kutoka 120 hadi 171 ni ongezeko la zaidi ya asilimia 40, na hakuna aliyedanganya: mmoja alipima sakafu, mwingine alipima paa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa yule wa mistari minne ni hili: "Umehesabu mita za mraba ngapi, na umezipataje?" Akijibu 120 au 130, bei yake itapanda, iwe ameahidi au hakuahidi.

Kuna na umbo la paa. Paa la pande mbili na paa la pande nne, ukiweka mteremko uleule, yana eneo lilelile la bati. Wateja wengi hawaamini hili lakini ni hesabu tu. Tofauti iko kwenye maungio. Kwa vipimo vyenu, paa la pande mbili lina mgongo mmoja wa mita 13.2, na ndiko zinakokwenda kofia, zile bati za kufunika maungio ya juu. Paa la pande nne lina mgongo mfupi wa mita 2 tu, lakini lina pembe nne zinazoshuka, kila moja kama mita 8.5, kwa hiyo kofia zinafika mita 36. Mifereji ya maji nayo: pande mbili unahitaji mita 26 na kidogo, pande nne unazunguka nyumba nzima, karibu mita 49. Na kila pembe inayoshuka inakulazimisha kukata bati kwa mshazari, kipande kinachobaki mara nyingi hakina pa kwenda. Ndiyo maana paa la pande mbili lililonyooka huhesabiwa upotevu wa asilimia 5 hadi 10, lakini lenye pembe na mabonde, yaani pale pande mbili za paa zinapokutana kwa ndani, hufika 15 au kuzidi. Asiyetaja upotevu kwenye kotesheni hajaufuta. Ameuacha, na utarudi kama "bati zimepungua".

Kitu cha tatu kwenye vipimo ni upana wa bati lenyewe. Bati hupandiana ubavuni, kwa hiyo upana unaofunika ni mdogo kuliko upana unaopima kwa futi ukilishika dukani. Mfano bati la milimita 840 linaweza kufunika 760 tu baada ya kupandiana. Upande wa paa wenye mita 13.2 ukigawa kwa 0.84 unapata bati 16; ukigawa kwa 0.76 unapata 18. Mbili upande huu, mbili upande ule, na kila moja ina urefu wa mita 6 na nusu. Hizo ni bati nne ambazo hazipo kwenye hesabu ya mtu aliyegawa kwa upana mzima. Mwambie kila mkandarasi aandike idadi ya bati, urefu wa kila moja, na upana unaofunika. Aliyepiga hesabu kweli atakujibu palepale, kwa sababu karatasi anayo.

Sasa tuje kwenye bati. Neno "bati la rangi" au "bati la geji 28" peke yake halitoshi kulinganisha. Namba ya geji ikiwa kubwa bati ni jembamba, na jedwali za geji hazifanani kila mahali, kwa hiyo taka unene kwa milimita. Kisha uliza unene huo ni wa nini: wa chuma kitupu, au wa chuma pamoja na mipako? Mpako wa zinki wa daraja la Z275, yaani gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba ukijumlisha pande zote mbili, una unene wa karibu milimita 0.04. Bati linaloitwa 0.40 likiwa limepimwa na mpako huo, chuma chake ni kama 0.36, na rangi ikihesabiwa humo linashuka tena. Wawili wanaweza kuandika 0.40 na wakaleta bati mbili zisizofanana, moja inakanyagika na nyingine inabonyea chini ya mguu wa fundi siku ya kwanza.

Mpako nao utajwe kwa gramu. Z100 na Z275 zote ni "bati la zinki", lakini ya pili ina zinki karibu mara tatu, na zinki ndiyo inayochelewesha kutu. Mipako ya alumini na zinki huandikwa AZ, mfano AZ150, na hiyo nayo ni gramu kwa mita ya mraba kwa pande zote mbili. Usilinganishe namba ya Z na namba ya AZ moja kwa moja kana kwamba ni kitu kimoja, maana AZ hudumu zaidi kwa uzito uleule mahali pengi, ila haipendi kugusana na saruji mbichi. Ukishapata namba hizi, omba kipande cha sampuli kutoka kwa kila mmoja, kiandike jina la mkandarasi kwa kalamu ya wino usiofutika, na ukitunze. Bati zikiletwa saiti, linganisha kabla hazijashushwa. Mikromita ya mkono, kile kifaa cha kupimia unene, inatosha, na kama huna, mzani utakusaidia: bapa la chuma la mita moja ya mraba lenye unene wa milimita 0.40 lina uzito wa kilo 3.14, na la 0.30 lina kilo 2.36 hivi. Bati lenye mawimbi litazidi kidogo kwa sababu lina chuma zaidi kuliko eneo linalofunika, kwa hiyo pima lililoletwa dhidi ya sampuli ya umbo lilelile. Fanya hivyo ukiwa na dereva pale pale. Bati zikishapanda juu hakuna wa kuzishusha.

Nimekaa sana kwenye bati kwa makusudi, kwani ndilo pesa nyingi zaidi na ndilo rahisi kubadilishwa bila mtu kujua. Lakini paa huvuja zaidi kwenye vitu vidogo, na vitu vidogo ndivyo vinavyokosekana kwenye mistari minne: kofia, bati za mabondeni, bati za kuziba pale paa linapokutana na ukuta au bomba la hewa, sponji za kuziba mawimbi chini ya kofia, skrubu zenye mpira. Skrubu za bati zinahitajika kama 6 hadi 8 kwa mita ya mraba, zaidi kwenye kingo ambako upepo hunyanyua. Kwa paa la mita 171 hiyo ni skrubu elfu moja na zaidi. Skrubu isiyo na mpako sawa na bati hushika kutu kabla ya bati, na mpira dhaifu hupasuka kwa jua. Mkandarasi akiandika "misumari, jumla" kwa kiasi kidogo, anakusudia kutumia kidogo. Muulize ni skrubu au misumari, ya mpako gani, na ngapi kwa mita.

Mbao ndizo zenye hatari kubwa kwa paa linaloezuliwa, kwa sababu hakuna anayejua hali yake mpaka bati litoke. Hapo siwezi kumlaumu mkandarasi kwa kutotoa bei kamili. Anachoweza kutoa, na mnachopaswa kukidai, ni bei ya kipimo: kubadilisha mita moja ya papi, zile mbao za mlalo zinazoshikilia bati, ni kiasi gani ikiwa na mbao, dawa na ufundi, kubadilisha mguu mmoja wa kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, ni kiasi gani, mita moja ya ubao wa ukingoni ni kiasi gani. Bei hizo ziandikwe leo, kabla ya kazi, wakati bado wanashindania kuipata. Na kabla ya hapo mwombe kila mmoja aingie darini na tochi na bisibisi. Mbao iliyooza au kuliwa na mchwa bisibisi inazama. Mbao nzima inagoma. Mkandarasi aliyetoa makadirio ya paa la zamani bila kupanda juu wala kuingia darini ametoa bei ya kubahatisha, hata kama karatasi yake ina muhuri.

Angalieni pia nafasi kati ya papi na papi. Kuziweka mbali mbali kunapunguza mbao na kushusha bei, lakini bati jembamba likikosa egemeo linabonyea na kuruhusu maji kutuama. Umbali unaoruhusiwa huwekwa na mtengenezaji wa bati kulingana na unene na umbo. Mkandarasi aandike umbali atakaotumia, halafu ninyi mlinganishe na karatasi ya mtengenezaji. Vivyo hivyo kupandiana kwa bati kwenye ncha: mteremko ukiwa mdogo, bati zinatakiwa kupandiana zaidi, la sivyo upepo unasukuma maji yakapanda kinyume. Kila bati lina mteremko wake wa chini, na ukienda chini ya hapo mtengenezaji hatakusikiliza ukidai.

Kuezua. Kama kotesheni ya wa kwanza imeandika "kuezeka paa jipya", soma neno hilo kama lilivyo. Kuezua hakumo mpaka kuandikwe. Kuteremsha bati kuukuu hakumo, kuzoa hakumo, usafiri wa kwenda jalalani na ada ya kutupa havimo. Bati kuukuu lina bei kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa hiyo amueni ni la nani: likiwa la mkandarasi, thamani yake ionekane imepunguzwa kwenye bei yake. Na kama chini ya bati hilo, au kwenye banda la nyuma, kuna mabamba ya mawimbi ya kijivu yaliyotengenezwa kwa saruji, simamisheni kila kitu mpaka yachunguzwe. Mabamba mengi ya zamani ya namna hiyo yana asbesto, na nyuzi zake zikivunjwa na kuvutwa puani huharibu mapafu na kuleta saratani baada ya miaka mingi. Kuyaondoa ni kazi ya watu wenye mafunzo na vifaa, ina gharama yake tofauti, na mkandarasi asiyeitaja ama hajaangalia ama anakusudia kuyapiga nyundo. Hapo sizungumzii pesa tena.

Wapo watakaokupa bei ya chini kwa kupendekeza bati jipya lilazwe juu ya la zamani. Katika hali chache, tena kwa mfumo uliobuniwa kwa kazi hiyo, inawezekana. Kwa kawaida unafunika kutu na mbao zilizooza, unaongeza uzito juu ya kenchi ambazo hakuna aliyezikagua, na unyevu unanaswa katikati. Kama wa kwanza amepata bei yake hivyo, mwondoeni.

Kisha kuna yale ya kuzunguka kazi yenyewe, ambayo nitayapitia haraka maana kila moja linajieleza. Jukwaa la kupandia: nani analeta, na kazi ikichelewa siku za ziada za kukodi analipa nani? Usafiri wa bati za mita 6 na nusu, na kushusha. Umeme na maji vya saiti. Chakula na malazi ya mafundi kama wanatoka mbali. Turubai za kufunika nyumba usiku na siku za mvua, na nani atalipia dari na vitanda mvua ikiingia kazi ikiwa nusu. Kushusha na kurudisha paneli za sola, tangi la maji au dishi la televisheni kama viko juu. Kibali cha ujenzi kama sheria ya mahali penu inakitaka. Bima ya mafundi, kwa kuwa mtu akianguka kutoka juu ya nyumba yako na hana bima, unaweza kujikuta wewe ndiye unayedaiwa matibabu. Na kodi: jumla imeandikwa pamoja na kodi ya ongezeko la thamani au bila? Mstari huo mmoja unaweza kuwa ndio tofauti yote kati ya wa kwanza na wa tatu.

Lingine linalowachanganya wengi: angalieni kama bei ni ya vifaa na ufundi, au ya ufundi peke yake. Kununua vifaa wenyewe si vibaya, wengine huokoa kwa njia hiyo. Lakini mjue kwamba mkinunua ninyi, kosa la hesabu ni lenu, bati lililokatwa vibaya ni hasara yenu, na fundi anayelipwa kwa siku hapotezi kitu kazi ikirefuka. Mkandarasi anayeleta kila kitu kwa bei moja ndiye anayebeba hatari hiyo, na sehemu ya bei yake kuwa juu ni malipo ya kuibeba.

Ile sentensi ya wa tatu, "kazi za ziada zitalipwa kadiri zitakavyojitokeza", msiisaini ilivyo. Inampa ruhusa ya kuamua peke yake kipi ni cha ziada na kinalipwaje. Mpeni sentensi mbadala, kama hii: "Kazi yoyote isiyo kwenye orodha hii haitafanyika mpaka mkandarasi aiandike, aipe bei kwa kufuata bei za vipimo zilizoambatanishwa, na mwenye nyumba asaini kabla haijaanza. Kazi iliyofanyika bila saini hiyo haitalipwa." Mtazameni anavyoipokea. Mkandarasi makini ataikubali kwa sababu inamlinda naye. Siku mtakapomwomba asogeze mfereji au aongeze dirisha la mwanga, atakuwa na haki ya kulipwa kwa maandishi. Mahali popote mtakapoona "kiasi cha kukisia" au "makisio" mbele ya bei, jueni bei hiyo haijafungwa. Wakandarasi wengine huweka makisio madogo sana kwenye mbao na mifereji ili jumla ipendeze, na ankara halisi hufuata. Linganisheni makisio ya watatu hao mstari kwa mstari. Aliyeweka nusu ya wenzake hana mbao za bei nafuu, ana jumla inayovutia.

Dhamana nayo ina sehemu mbili, na huchanganywa makusudi. Dhamana ya bati hutolewa na mtengenezaji, na huhusu bati kutoboka kwa kutu au rangi kubanduka. Dhamana ya kazi hutolewa na mkandarasi, na ndiyo inayohusu uvujaji wa maungio, skrubu na mabonde. Paa jipya likivuja mwaka wa kwanza, karibu kila mara tatizo ni la kazi. Kwa hiyo "dhamana ya miaka 20" mkiikuta kwenye kotesheni inaweza kuwa haikuhusu siku unapoweka ndoo sebuleni. Omba karatasi ya mtengenezaji usome yanayoifuta. Mara nyingi ni ukaribu na bahari, mteremko mdogo, skrubu zisizo za aina iliyotajwa, na kukata bati kwa grenda. Hili la grenda msilipuuze: cheche zake zinaunguza mpako, na vumbi la chuma linalobaki juu ya bati linashika kutu kwa siku chache na kuacha madoa yanayokula rangi. Bati lenye mpako hukatwa kwa mkasi wa bati au msumeno wa meno usiochoma, na vumbi la kutoboa skrubu hufagiliwa kila jioni. Sharti hilo liandikwe kwenye mkataba. Pia ulizeni dhamana inapungua thamani kwa miaka au la, na kama inalipa bati pekee au na ufundi wa kulibadilisha. Bati la bure na ufundi wa kulipia ni msaada mdogo.

Sasa namna ya kuwarudisha wote kwenye paa moja. Chukueni kotesheni ya wa pili, ile ya kurasa tatu. Ondoeni bei na jina lake, bakisheni orodha ya kazi. Ongezeni niliyoyataja ambayo naye ameyasahau, maana urefu wa karatasi hauthibitishi kuwa kila kitu kimo. Wekeni safu ya kipimo, safu ya kiasi, safu ya bei ya kipimo na safu ya jumla, kisha wapeni wote watatu orodha ileile, pamoja na huyo wa pili, wajaze. Mwisho wekeni kichwa "Visivyohusika katika bei hii", na mkandarasi alazimike kujaza au kuandika "hakuna". Taka pia tarehe ya mwisho ya bei hiyo, kwa sababu bei ya chuma hupanda na kushuka na kotesheni nyingi hufa baada ya siku 14 au 30. Wakijaza, mtaona bei zinasogeleana. Wa kwanza karibu lazima apande. Wa pili huenda akashuka kidogo pale alipojilinda kupita kiasi. Tofauti itakayobaki baada ya hapo ndiyo tofauti halisi ya bei, na hiyo mnaweza kuijadili kwa haki.

Malipo yafuate kazi iliyoonekana. Malipo ya awali yasizidi sana gharama ya vifaa vya kuanzia, na ikiwezekana bati lilipiwe moja kwa moja kwa muuzaji, risiti iandikwe jina lenu; kwa njia hiyo dhamana ya mtengenezaji nayo inakuwa yenu bila mzozo. Sehemu ya pili ilipwe mbao zikishakaguliwa kabla hazijafunikwa, na hapo mpige picha kila upande. Sehemu kubwa ya mwisho ilipwe paa likikamilika na saiti ikisafishwa. Bakisheni asilimia 5 hadi 10 mkononi mpaka mvua kubwa ipite au muda mliokubaliana uishe, na jambo hilo liwe kwenye mkataba tangu mwanzo ili lisionekane kama dhuluma. Mkandarasi anayetaka zaidi ya nusu kabla hajaleta hata kamba anafadhili kazi ya mtu mwingine kwa pesa zenu.

Mumeo hajakosea kutaka kuokoa, na inawezekana kabisa wa kwanza akawa ndiye wa kuchukua. Wapo mafundi hodari wasiopenda kuandika. Mpeni orodha, kaeni naye, mfanye aeleze mstari baada ya mstari. Akijaza kwa uhakika, akapanda darini, akakubali bei za vipimo na bado akawa chini, mchukueni kwa moyo mweupe. Akikataa kujaza kwa kusema "mniamini tu", mmeshapata jibu lake.

Kuhusu kumwonyesha wa pili bei ya wa kwanza, usifanye. Ukimpa jumla ya mwenzake ambayo haikuhesabu mbao wala kuezua, unamlazimisha aifikie bila kupunguza jina la kitu chochote kwenye karatasi. Atapunguza pale usipoona: gramu za mpako, idadi ya skrubu, umbali wa papi. Muulize kwa njia nyingine: "Bajeti yetu inaishia hapa. Ungekuwa wewe, ungeondoa au kubadilisha nini kwenye orodha hii, na kingeleta athari gani?" Anaweza kukwambia mifereji ingoje miezi sita, au rangi ya kawaida badala ya ile ya kuagiza, au dari la nje lifanywe baadaye. Hayo ni mapunguzo unayoyaona, unayachagua mwenyewe, na yanaandikwa kwenye orodha kabla hujasaini.